David Lean: Mpeleka chai aliyekuwa bingwa wa filamu

Watu waendapo sinema hutazama nyuso za wachezaji, na wakitoka huzungumza habari za nani alipendeza na nani alikufa. Wachache hulijua jina la mwelekezaji. Ama yale majina madogo madogo yanayopanda mwishoni, wakati taa zimekwisha washwa na kila mtu anatafuta viatu vyake chini ya kiti, hayo hayasomwi na mtu. Humo ndimo walimo wasaidizi wa chumba cha kukatia filamu. Kazi yao ni kupokea kila kilichopigwa siku ile, kukihesabu, kukiandikia nambari, kukiwekea nakala, na kuioanisha picha na sauti yake hata mdomo ukifunguka neno litoke papo hapo. Wakiifanya kazi hiyo vizuri hakuna ajuaye kuwa wapo.

Mwingereza David Lean, mwelekezaji wa The Bridge on the River Kwai, Lawrence of Arabia na Doctor Zhivago, alitokea katika chumba hicho. Wapo wanaomhesabu kuwa miongoni mwa waelekezaji wakubwa kabisa waliopata kutokea Uingereza, lakini yeye mwenyewe hadi uzeeni alijiona ni mkataji filamu kwanza na mengine baadaye. Na ni kazi ile ile ya ujanani iliyokuja kumwokolea filamu yake kubwa kuliko zote alipokuwa na umri wa miaka 80.

Alizaliwa tarehe 25 Machi 1908 huko Croydon, kusini ya London. Wazazi wake walikuwa Wakristo wa madhehebu ya Quaker, yale yale yaliyofika kwetu Kenya na kujenga Kaimosi mwaka 1902. Nyumba ile ilikuwa ya dini na kimya, na sinema ilikatazwa kabisa. Wasomaji wetu wengi wa pwani hawahitaji kuelezwa nyumba ya namna hiyo ilivyo. Wako wazee wetu waliochapwa bakora kwa sababu ya kuonekana kwenye foleni ya tikiti siku ya Idi. Mtoto David alikuwa akisimuliwa habari za Charlie Chaplin na mwanamke aliyekuwa akifanya kazi za usafi nyumbani kwao, ambaye alikuwa akimwigiza Chaplin jikoni, mwendo wake na fimbo yake. Kwa hivyo sinema ya kwanza aliipata kwa kusimuliwa, kama hadithi za paukwa pakawa.

Shuleni hakuwa lolote. Nduguye mdogo, Edward, ndiye aliyesifiwa kwa akili na ndiye aliyepelekwa Oxford. David alipelekwa shule ya Quaker ya Leighton Park mjini Reading, akatoka bila ya sifa ya masomo. Alipokuwa na umri wa miaka kumi mjomba wake alimpa kamera ya Brownie, ile ya sanduku, na hapo ndipo alipoonyesha kwa mara ya kwanza kuwa ana kitu anachokiweza. Mwaka 1923 baba yake aliihama nyumba. Kijana akabaki na mama yake mwenye huzuni, na huko kwenye sinema, alikokwenda sasa kwa kificho na baadaye kwa dhahiri, ndiko alikopata pumzi.

Alitiwa katika ofisi ya uhasibu aliyokuwa akifanya kazi baba yake, akae na madaftari ya hesabu za watu. Hakuyaweza. Shangazi mmoja aliyeona magazeti ya sinema yamerundikana chumbani mwake ndiye aliyeuliza kwa nini asiende akafanye kazi huko huko kwenye filamu. Swali jepesi, lakini katika nyumba ile hapakuwa na mtu aliyethubutu kuliuliza.

Basi mwaka 1927, akiwa na umri wa miaka 19, Lean aliingia studio za Gaumont katika mtaa wa Lime Grove, London, kwa kujaribiwa kwanza bila ya mshahara. Alipeleka chai. Alipeleka barua. Alishika nguo za wachezaji. Akapewa kile kibao chenye mdomo wa mbao kinachopigwa mbele ya kamera kabla ya mchezo kuanza. Na kila alipopata nafasi alipenya chumba cha kukatia filamu, akasimama nyuma ya wakubwa wake na kutazama mikono yao.

Hapa inafaa tusimame kidogo tuieleze kazi yenyewe, maana bila ya kuifahamu hatutafahamu kwa nini kijana huyu alipanda upesi.

Filamu ni vipicha vingi vilivyopangwa katika mkanda mrefu, na tangu sauti ilipoingia hupita mbele ya taa vipicha 24 kwa kila sekunde. Kila kipicha huitwa fremu. Katika filamu za studio kamera hupiga picha peke yake, na sauti hunaswa na chombo kingine katika mkanda mwingine. Mikanda hii miwili haijuani. Ndipo kinapokuja kile kibao: mbao mbili zinapokutana, kamera inaona zimekutana na chombo cha sauti kinasikia mlio. Msaidizi akifika asubuhi huutafuta katika mkanda wa picha ule uso mmoja tu ambapo mbao zimegusana, akautia alama kwa kalamu ya nta; kisha huutafuta mlio katika mkanda wa sauti, akautia alama vile vile; kisha huifunga mikanda yote miwili kwenye mashine ndogo yenye magurudumu ya meno ili isonge pamoja. Akikosea kwa fremu mbili tu, jicho lililozoea litaona kuwa maneno hayatoki katika kinywa kile.

Pia kuna jambo la nambari. Pembeni mwa mkanda wa filamu zimechapwa nambari ndogo ndogo, moja kwa kila futi. Mkanda halisi uliotoka katika kamera hauguswi ovyo. Husafishwa na kufungiwa, na kinachokatwakatwa na mhariri ni nakala yake. Msaidizi huziandika nambari hizo zote katika daftari. Mhariri akisha kuridhika na nakala yake, basi mkanda halisi nao hukatwa kwa kuzifuata nambari, mara moja tu, bila ya kurudi nyuma. Daftari likiwa na kosa, kisu nacho kitafuata kosa. Si ajabu kijana aliyeshindwa na madaftari ya hesabu za watu akayaweza haya. Tofauti ni kwamba haya aliyapenda.

Siku hizi mikanda imeondoka na mahali pake pana kadi ndogo kama ukucha, lakini ada haikubadilika sana. Msaidizi wa leo huipokea kadi, huinakili katika diski mbili au tatu zisizokaa mahali pamoja, huiachia kompyuta ilinganishe nakala na asili yake hadi hesabu zikubaliane, na kadi haifutwi mpaka hayo yote yamekwisha. Mtaani kwetu ilipigwa video ya nikahi, baba mtu akimwozesha binti yake msikitini, na kijana mwenye kamera akaifuta kadi jioni ile ile kwa kuwa alikuwa na harusi nyingine usiku, akidhani nakala anayo. Hakuwa nayo. Yule baba alifariki kabla mwaka haujaisha. Mpaka leo binti hulitaja jambo hilo, na kijana mwenyewe akimwona njiani hupita upande wa pili.

Turudi kwa Lean. Sauti ilipoingia katika filamu za Uingereza, wakataji wengi wa zamani walibabaika. Walikuwa mabingwa wa picha bubu na hawakujua wafanye nini na mkanda wa pili. Vijana kama Lean hawakuwa na la kusahau. Kufikia mwaka 1930 alikuwa mhariri wa filamu za habari, kwanza huko huko Gaumont na baadaye British Movietone News. Filamu za habari zilikuwa na shida yake: huko Movietone kamera moja ilinasa picha na sauti katika mkanda mmoja, lakini sauti hukaa mbele ya picha yake kwa karibu fremu 20. Ukikata mahali ambapo picha inafaa kukatwa, umemkata mtu neno. Ukingoja neno liishe, picha imekwisha haribika. Na habari zilitakiwa majumba ya sinema mara mbili kwa wiki, haina ngoja. Huko ndiko Lean alikopata wepesi wa mikono.

Kisha akahamia filamu za hadithi. Alikata Escape Me Never ya 1935, Pygmalion ya 1938, 49th Parallel ya 1941 na nyingine, hata ikawa inasemekana hapakuwa na mkataji Uingereza aliyelipwa zaidi yake. Vita vilipopamba moto, mwandishi na mchezaji Noël Coward alitaka kutengeneza filamu ya manowari, naye hakujua kuiendesha kamera. Akamtaka Lean amsaidie. Lean alikubali kwa sharti jina lake liandikwe kama mwelekezaji pamoja na Coward, si kama msaidizi. Filamu hiyo, In Which We Serve, ilitoka mwaka 1942, na tangu hapo hakurudi nyuma. Brief Encounter ilifuata mwaka 1945 na Great Expectations mwaka 1946.

Miaka ile ya baada ya vita tutaipita upesi. Aliendelea kupata sifa, aliendelea pia kuoa. Ndoa zake zilikuwa sita kwa jumla, moja baada ya nyingine, na mmoja wa wakeze alikuwa Mhindi wa Hyderabad. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, ambaye hakukaa naye. Aliishi mahoteli, na mizigo yake ilikuwa tayari kila wakati. Wenye kumsifu kwa subira yake mbele ya filamu wanapaswa pia kusema kuwa subira hiyo watu wa nyumbani hawakuipata.

Mwaka 1957 ilitoka The Bridge on the River Kwai, iliyopigwa Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka. Daraja lilijengwa kweli, kubwa la magogo, na gari la moshi la kweli likaletwa lipite juu yake wakati daraja linalipuliwa. Kamera ziliwekwa pande mbalimbali, kila moja na mpigaji wake aliyetakiwa kutoa ishara kuwa ameiwasha na kukimbilia salama. Siku ya kwanza ishara moja haikuonekana. Lean akazuia baruti isiwashwe, kwa kuhofia kumwua mtu, na gari la moshi likapita daraja zima hadi ng'ambo na kugonga mtambo wa umeme. Likarudishwa relini, na kesho yake daraja likaruka. Inasimuliwa kwamba makopo ya mkanda wa mlipuko huo, yaliyopelekwa London kwa ndege kwa sababu ya matata ya Suez, yalipotea njiani, yakatafutwa dunia nzima, na kuonekana baada ya siku kadhaa katika uwanja wa ndege wa Cairo yakiwa juani. Daraja halipo tena, nakala haipo. Mkanda uliposafishwa ukaonekana mzima, kwa bahati tu. Filamu hiyo ilimpatia Lean tuzo yake ya kwanza ya Oscar ya uelekezaji.

Ndipo akaja jangwani. Mwezi wa Mei 1961 alianza kupiga Lawrence of Arabia nchini Jordan, pamoja na bonde la Wadi Rum, kwa kamera za mkanda mpana wa milimita 65. Baadaye kazi ilihamia Uhispania, ambako Aqaba ya bandia ilijengwa ufukweni, na Morocco. Alichokitaka Lean ni jangwa lenyewe, na alikuwa radhi kungoja siku nzima kwa ajili ya mwanga. Kila walichopiga kilikwenda London kusafishwa, huku mwenyewe yuko mchangani, na aliyekipokea huko ni mhariri Anne V. Coates, mwanamke aliyeanza kazi kwa kuunga nakala zilizokatika za filamu za dini zilizozungushwa makanisani.

Ipo sehemu moja katika filamu hii ambayo hata asiyejua ukataji huikumbuka. Lawrence amewasha kiberiti, anautazama moto, anaupuliza. Na papo hapo ni jangwa na jua linachomoza. Ilikusudiwa picha moja iyeyuke taratibu ndani ya nyingine, kama ilivyokuwa desturi, jambo linalofanywa baadaye katika maabara. Lakini nakala ya kazi ilikuwa haijafika huko. Msaidizi alikuwa ameviunga vipande viwili kwa kuvigusanisha tu. Lean na Coates walipoitazama waliona kwamba hapo hapahitaji kuyeyushwa kitu. Wakapunguza fremu chache, wakaacha.

Kwa sisi huku filamu ile ina ladha yake na ina machungu yake. Ladha ni Omar Sharif, ambaye mashabiki wa filamu za Misri walimjua zamani, aliyezaliwa Iskandaria mwaka 1932 katika nyumba ya Kikristo na kusilimu alipomwoa Faten Hamama. Anavyotokea mara ya kwanza, nukta nyeusi katika mazigazi, ikitetemeka, ikikua, mpaka ikawa mtu juu ya ngamia, hakuna aliyeiona akaisahau. Zia Mohyeddin wa Pakistan naye yumo, ndiye anayeuawa hapo kisimani. Machungu ni kwamba Mwanamfalme Faisal amechezwa na Alec Guinness, Mwingereza aliyepakwa rangi, na Auda abu Tayi na Anthony Quinn aliyebandikwa pua. Jamaa za Auda walikwenda mahakamani kwa jinsi mzee wao alivyoonyeshwa kuwa mtu wa kununuliwa, na Jordan yenyewe, iliyotoa askari na ngamia, iliipiga marufuku. Kwa maoni yetu walikuwa na haki. Jangwa alilitendea insafu kuliko wenyeji wake.

Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza London tarehe 10 Desemba 1962, mbele ya Malkia, ikiwa na urefu wa dakika 222. Ilipata Oscar saba, moja ya Lean na moja ya Anne Coates. Lakini hata kabla tuzo hazijagawanywa, Januari 1963, kiasi cha dakika 20 zilikatwa ili majumba ya sinema yaweze kuionyesha mara nyingi zaidi kwa siku. Nani aliyeamua? Lean alimlaumu mtayarishaji, Sam Spiegel. Baadaye ikakatwa tena, ikabaki dakika 187. Nakala zilizotembea duniani miaka ile, ambazo wengi waliziona, zilikuwa hizo pungufu.

Yeye alikuwa na mengine. Doctor Zhivago ya 1965 ilipendwa na watu mno. Ryan's Daughter ya 1970 ilipigwa na wahakiki. Walimwalika katika kikao huko New York na kumsema uso kwa uso, na mtu huyu mrefu mwenye sauti ya heshima akatoka hapo kama aliyevunjwa mkono. Miaka 14 hakutoa filamu. Aliporudi mwaka 1984 na A Passage to India, habari ya Daktari Aziz, Mwislamu wa India anayesingiziwa na Mwingereza, aliandika mchezo mwenyewe, akaelekeza mwenyewe, kisha akaketi kwenye meza akaikata mwenyewe, akiwa na miaka 76. Mwaka huo huo alipewa cheo cha Sir.

Baadaye kidogo Mmarekani mmoja, Robert Harris, fundi wa kufufua filamu za zamani, alianza kuitafuta Lawrence nzima. Alipekua stoo za kampuni ya Columbia, kopo baada ya kopo, mengine yakiwa hayana maandishi yenye maana. Mkanda halisi ulikuwa umechakaa na kukwaruzika. Vile vipande vilivyokatwa vikaanza kuonekana kimoja kimoja. Lean alipopelekewa nakala aligundua jambo ambalo wengine wote hawakuliona: sehemu moja ilikuwa imechapwa kinyume tangu zamani, kulia imekuwa kushoto.

Lakini jambo kubwa lilikuwa sauti. Vipande kadhaa vilipatikana picha tupu. Pale ni Guinness, pale ni Quinn, pale ni Peter O'Toole mwenye umri wa miaka 29, midomo inakwenda, na hakuna neno. Mkanda wa sauti wa sehemu hizo haukuonekana popote. Waliitwa watu wanaojua kusoma midomo ili wafahamike walikuwa wakisema nini. Kisha O'Toole, Guinness, Quinn na Arthur Kennedy, wote sasa wazee, wakaingia studio kuyasema tena maneno waliyoyasema robo karne nyuma, kila mtu akiufuata mdomo wake mwenyewe wa ujanani, na sauti zikapunguzwa uzee kwa mitambo. Jack Hawkins, aliyecheza Jenerali Allenby, alikuwa amefariki tangu 1973, baada ya maradhi ya koo kumnyang'anya sauti akiwa hai. Charles Gray, aliyekuwa akimsemea katika filamu zake za mwisho, akamsemea tena.

Lean alikuwepo, na Anne Coates pamoja naye. Wakakaa mezani kama zamani, wakaoanisha neno na mdomo, wakapunguza hapa na pale mahali ambapo mwaka 1962 hawakupata nafasi kwa haraka ya siku ya maonyesho. Filamu iliyofufuliwa ilionyeshwa New York mwezi wa Februari 1989, ikiwa na kiasi cha dakika 216.

Mwezi wa Machi 1990 Wamarekani walimpa tuzo ya maisha yake yote ya kazi. Yeye alikuwa ameshughulika na filamu mpya, Nostromo, kutoka kitabu cha Joseph Conrad, na matayarisho yalikuwa yamefika mbali. Maradhi ya saratani ya koo yalimzidi zikiwa zimebaki wiki chache tu kupiga picha ya kwanza. Alifariki London tarehe 16 Aprili 1991, akiwa na umri wa miaka 83. Anne Coates aliendelea na kazi ya mezani kwa miaka mingi baada yake, naye alifariki mwaka 2018.